Gari Lilikuwa na Homa, Mimi Nikatundika Manukato

SEHEMU YA 1: Saa nane za usiku

Mmezoea nikija hapa naongelea chanjo, homa za watoto na uji wa lishe. Wiki hii naongelea gari. Usipite kwanza. Kama una mtoto na kuna gari lolote kuukuu linalombeba, liwe lenu, la shemeji au la kukodi, haya yanakuhusu.

Gari lenyewe ni lile jeusi mnaloliona kwenye picha zangu za Krismasi. Ni kubwa, la kifahari, toleo la 2006. Jina la kampuni silitaji, maana makosa mengi nitakayosimulia hayakutoka kiwandani. Yalifanywa na mikono ya watu, na mengine na mikono yangu.

Baba watoto alilinunua 2021 tukiwa bado tunaishi Geita. Yeye anauza spea za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ukikaa ukanda huu hadithi unaijua. Mtu akipata mawe mazuri, kitu cha kwanza kununua ni gari. Mwamba ukigoma, kitu cha kwanza kuuza ni gari hilohilo, tena kwa bei ya kutupwa. Ndivyo lilivyotufikia sisi. Viti vya ngozi, kifriji katikati, skrini mbili nyuma za watoto kuangalia katuni, na ukibonyeza kitufe gari linajiinua lenyewe. Majirani walikuja kupiga nalo picha. Na mimi nilipiga, sitaki kujifanya.

Tusichokijua ni kwamba gari la namna ile ni umeme mtupu. Pikapu ya zamani ikipata betri na mafuta inaenda. Hili letu lina kompyuta ndogondogo kila mahali: ya injini, ya gia, ya breki, ya milango, mpaka ya viti, na zote zinaongea zenyewe kwa zenyewe kupitia nyaya. Umeme ukipungua kidogo tu, zinachanganyikiwa zote kwa pamoja. Leo taa ya breki, kesho ya gia, keshokutwa kioo kimegoma kupanda.

Basi, usiku mmoja wa masika 2024, tumeshahamia Kahama, mlango ukagongwa saa nane. "Hodi! Sista! Sista, amka!" Alikuwa mume wa jirani yangu. Mkewe ana mimba ya miezi minane na anatoka damu. Nilipofika nikakuta damu nyingi, na mama anasema hasikii uchungu wowote. Wenzangu wa kazi mnajua hiyo maana yake nini. Inaweza kuwa kondo la nyuma limekaa njiani. Hapo humpimi kwa ndani nyumbani na husubiri kukuche. Unamlaza kwa ubavu wa kushoto na unatafuta usafiri wa hospitali sasa hivi.

Baba watoto akasema, "Tulieni, gari lipo." Akakimbia. Tukasikia: tik-tik-tik-tik-tik. Taa za dashibodi zikacheza, zikazimika. Kimya. Gari lilikuwa limekaa siku tatu bila kuwashwa kwa sababu yeye alikwenda Kakola kwa basi. Gari lote lile, usiku ule halikuweza hata kufungua mlango wa nyuma.

Nikapiga 115. Hii namba naomba uihifadhi kabla hujaendelea kusoma. Ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulianza kufanyiwa majaribio huku kwetu, Sengerema na mkoa wa Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kitaifa 2022. Kupiga ni bure. Watakuuliza upo wapi na mgonjwa ana nini. Kama ambulensi iko mbali, wanamtuma dereva wa jamii waliyemsajili, na malipo yake yanatoka kwenye mfumo, siyo kwenye mkoba wa mgonjwa.

Akaja kijana na mchomoko, Probox ambayo mlango mmoja una rangi yake peke yake. Iliwaka mara moja ikaondoka. Mama alifanyiwa upasuaji kabla ya jua kuchomoza. Alipata mtoto wa kike, na wote wawili wapo, jana tu huyo binti alikuwa kwangu anachovya kidole kwenye sukari.

Niliporudi asubuhi nikalikuta gari letu uani, limeoshwa, linang'aa. Nililitazama muda mrefu. Siku hiyo ndiyo niliamua nitajifunza betri ni kitu gani.

SEHEMU YA 2: Betri haikuwa mgonjwa

Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili. "Shem, betri imekufa." Tukanunua mpya, zaidi ya laki tatu. Baada ya siku kumi hivi, tik-tik-tik tena.

Fundi wa pili akasema altaneta haichaji, tutafute nyingine ya mtumba. Baba watoto akaanza kupiga simu za spea Mwanza. Mimi nikasema hapana, ngoja kwanza. Hakuna aliyepima kitu mpaka sasa.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja, fundi rewaya, tuliyeelekezwa na dereva wa lori pale Isaka. Huyu hakufungua boneti. Alianza na maswali. "Linakufa likikaa siku ngapi? Mkilitembeza kila siku linakufa? Kuna kitu kiliongezwa, redio, alamu, taa? Limewahi kuingia maji? Nani aliligusa mara ya mwisho?" Nikajikuta natabasamu. Ni maswali yetu yaleyale ya dirishani: imeanza lini, inazidi wakati gani, umetumia dawa gani.

Halafu akatoa mita. Nawaandikia namba alizotufundisha, ziandikeni mahali, maana mita ya kawaida ya umeme si kitu cha bei kubwa na kuitumia kwenye betri ni rahisi kuliko kupima presha.

Gari likiwa limezimwa na limepumzika saa kadhaa, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12, hiyo imeisha, usiitegemee usiku. Ukishawasha injini, namba inapaswa kupanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikipanda hivyo, altaneta inachaji. Isipopanda, hapo ndipo uanze kuituhumu.

Yetu ilisoma 14.2. Altaneta nzima kabisa. Tungeinunua nyingine bure.

"Basi kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala," mzee akasema. Akaunga mita kwenye waya wa hasi wa betri, akaifunga komeo ya mlango kwa bisibisi ili gari liamini milango imefungwa, akatuambia ufunguo ukae mbali. Tukanywa chai. Nusu saa nzima. Zile kompyuta hazilali mara moja, zinalala mojamoja kama watoto wengi chumba kimoja. Ukipima mapema unampima mtu akiwa bado macho.

Baada ya nusu saa gari zima la namna hiyo linapaswa kutumia kidogo sana, karibu ampea 0.05 au chini yake. Letu lilikuwa linatumia 0.6.

Hesabu yake ni nyepesi. Ampea 0.6 mara saa 24 ni 14.4 kwa siku. Siku tatu ni 43.2. Betri yetu imeandikwa 70. Yaani ndani ya siku tatu zile baba watoto yuko Kakola, zaidi ya nusu ya betri ilikwishanyweka kimyakimya uani, bila mtu kugusa chochote. Kwa 0.05, siku tatu zingekula 3.6 tu.

Na ile betri ya kwanza tuliyoitupa? Pengine kweli ilikuwa imechoka, lakini sisi ndio tuliichosha. Tulipokuwa Geita, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kuzinduliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilikuwa inatuweka pale Busisi muda mrefu. Injini tunazima tuokoe mafuta, skrini za katuni na feni ya AC tunaziacha. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha, halafu irudishiwe. Kila ukiikausha unaipunguzia umri. Ukiongeza na joto la huku kwetu, unaimaliza mapema.

Sasa, nani alikuwa anakunywa? Mzee hakuchomoa fyuzi mojamoja. Alisema ukichomoa na kurudisha unaziamsha kompyuta upya. Fyuzi zina vidoti viwili vya chuma juu, alikuwa anagusa na ncha za mita juu ya kila moja, anasoma, anaendelea. Sanduku la mbele, safi. Sanduku la ndani, safi, safi, safi. Halafu akasimama.

"Shem, hebu njoo uone hii."

SEHEMU YA 3: Waya mahali pa fyuzi

Mahali palipopaswa kuwa na fyuzi ya bluu, ya ampea 15, hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na kipande cha waya wa shaba kilichokunjwa na kuchomekwa kwenye matundu.

Mzee akafuata njia ya ule umeme. Akang'oa kiti cha nyuma, upande wa kulia. Nikaona zulia jeusi limekuwa gumu kama ukoko wa ugali ulioungua. Chini yake nyaya tatu zimeyeyuka maganda yake na kushikana.

Kilichotokea ni hiki. Reli ya kiti ilikuwa inausugua waya kila kiti kinaposogezwa. Siku moja ganda likatoboka, waya ukagusa chuma, shoti. Fyuzi ikakatika, yaani ilifanya kazi yake. Mtu akaweka nyingine, ikakatika. Akaweka nyingine, ikakatika. Badala ya kuuliza kwa nini inakatika, akachomeka shaba isiyokatika. Halafu skrini za watoto zilipoanza kusumbua, mtu mwingine, au huyohuyo, akaziunga moja kwa moja kwenye umeme usiozimwa na ufunguo. Zikawa zinaonekana zimezimwa, kumbe kisanduku chake kinafanya kazi usiku na mchana. Ndicho kilichokuwa kinakunywa.

Sijui ni nani alifanya hivyo. Gari lilipita mikono mingi kabla yetu na gereji nyingi baada ya kufika kwetu. Nataka niongelee kosa ninaloweza kulitolea ushahidi, ambalo ni langu.

Kama miezi mitatu kabla ya usiku ule nilikuwa nasikia harufu nyuma ya gari. Harufu kama ya kikombe cha plastiki kilichokaa karibu na jiko. Ilikuwa inakuja safari ndefu, watoto wakiwa wanaangalia katuni, halafu inapotea. Nilimwambia baba watoto, akasema labda ni ngozi ya viti na jua. Nikaridhika. Nikanunua manukato ya limao, nikayatundika kwenye kioo cha katikati. Harufu ikaisha, kwa maana ya pua yangu.

Kiti kile cha kulia anakaa mwanangu wa pili.

Niliomba benchi nikakaa. Mama zangu, mimi ndiye ninayewasema dirishani. Mtoto ana homa siku ya tatu, unaniambia, "Nilimpa panadoli ikashuka, sista." Nakuuliza ulipima malaria? Unanyamaza, na mimi nakuangalia lile jicho. Homa ikishuka haina maana ugonjwa umeondoka. Umemnyamazisha mtoa taarifa. Sasa na mimi nilikuwa na mtoa taarifa wangu, nikampa manukato ya limao.

Tangu siku hiyo naielewa fyuzi hivi. Ni kipande dhaifu kilichowekwa makusudi ili kife yeye kabla ya waya kuungua. Ikikatika inakwambia kuna sehemu umeme unapita kuliko kipimo. Rangi yake ni kipimo chake: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Bluu ikikatika unarudisha bluu. Ukiweka kijani kwa sababu "ndiyo ilikuwepo", waya ulioundwa kwa ampea 15 unaruhusiwa kubeba 30, na utakaoungua ni waya. Bluu ya pili ikikatika tena, acha hiyo sehemu bila fyuzi mpaka chanzo kipatikane. Bora kukosa katuni.

Matengenezo yenyewe hayakutushinda. Mzee alikata sehemu iliyoungua, akaunga waya wa unene uleule, kila kiungo akakivisha ganda linalobana kwa joto. Hakuviringisha selotepu na kuondoka. Akazipitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki mbali na reli ya kiti. Skrini tukazing'oa. Fyuzi ya bluu ikarudi mahali pake. Akapima tena baada ya nusu saa: 0.03. Malipo yote yalikuwa chini ya bei ya ile betri ya haraka.

Alipokuwa anakusanya vifaa nikamwuliza anaonaje magari haya ya kifahari yaliyozeeka, yana laana? Akacheka. "Hayana laana, shem. Yana kumbukumbu. Kila fundi mvivu aliyepita, gari linamkumbuka."

SEHEMU YA 4: Vitu vya umeme na mikono ya watoto

Baada ya kuona ukoko ule nililikagua gari lote kwa jicho la kazini. Nawapa niliyoyakuta na niliyofanya.

Vioo. Vioo vya umeme vya magari ya zamani haviaminiki kwamba vitasimama vikigusa kitu. Mtoto akitoa kichwa nje akakanyaga kitufe kwa goti, kioo kinapanda. Kwenye mlango wa dereva kuna kitufe cha kuwafungia abiria vioo. Hakikisha kinafanya kazi, na kikiharibika kihesabu kuwa ni hitilafu kama ya breki.

Kufuli. Betri ikilegea, kufuli za kati zinafanya vituko. Letu lilishajifunga lenyewe mara mbili, funguo zikiwa ndani. Sasa fikiria mtoto naye yuko ndani, juani, saa saba mchana, Kahama. Ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kuongezeka kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Kushuka "dakika moja kununua vocha" mtoto amelala ndani, hiyo tuiache. Na kama amefungiwa na hapatikani ufunguo, vunja kioo kilicho mbali naye. Kioo kinanunuliwa.

Betri ya rimoti. Hii ndiyo inanitisha kuliko zote. Ndani ya rimoti ya gari kuna betri bapa ya mviringo kama sarafu. Nyingi zimeandikwa CR2032, upana wake milimita 20. Mtoto mdogo akiimeza inaweza kukwama kooni, na ikigusa ute inaanza kuunguza nyama. Ndani ya saa mbili inaweza kufanya jeraha kubwa. Dalili zinadanganya: kutoa mate, kukataa chakula, kukohoa, mtu anadhani mafua. Ukishuku tu, nenda hospitali na utamke neno "betri", maana kwenye eksirei inaweza kufanana na sarafu. Usimtapishe. Kama ameimeza muda si mrefu, amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza na asali ipo karibu, mpe vijiko viwili vya chai kila dakika kumi mkiwa njiani, ila usichelewe kuondoka kwa sababu ya kutafuta asali. Rimoti iliyolegea kifuniko siyo mwanasesere wa kumnyamazishia mtoto. Nasema hivyo kwa sababu nami nilishaifanya mwanasesere.

Taa ya eabegi. Ile picha ya mtu aliyefungwa mkanda na duara mbele yake ikiwaka muda wote, maana yake mfumo umejikuta na kasoro na huenda siku ya ajali usifanye kazi. Kuna mafundi wanaitoa balbu au kuibandika kitu ili mteja afurahi. Kataa. Na eabegi ikiwa nzima, kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisifungwe mbele yake. Watoto wakae nyuma.

Betri kuukuu. Tuliyoitoa ilikaa barazani wiki nzima, watoto wanaikalia. Ndani yake kuna tindikali na risasi, ile metali. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Huku kwetu zebaki ya kukamatia dhahabu tayari inatutosha kwa wasiwasi. Usiruhusu mtu aipasue uani kutafuta vyuma. Irudishe kwa muuzaji wa betri au mpe mnunuzi aichukue nzima.

SEHEMU YA 5: Kadi ya kliniki ya gari

Mwisho, nilichofanya nyumbani. Nilichukua daftari la kurasa 48, nikaandika juu: KADI YA KLINIKI. Baba watoto alicheka siku mbili, siku ya tatu akaanza kujaza.

Kila Jumamosi, kabla ya kuwasha, tunapima volti na kuandika. Namba moja haikwambii kitu kikubwa, ila ukiona 12.6, 12.5, 12.3, 12.2 mfululizo, unajua kuna kitu kinakuja, kama uzito wa mtoto unaoshuka kwenye grafu. Kila mwezi tunaangalia vichwa vya betri kama vimeota ule unga mweupe au wa kijani, tunasafisha na kukaza. Tunaangalia pia ule waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Vumbi la barabara ya Kakola na maji ya masika vinaingia pale, kutu inashika, umeme unakosa njia ya kurudi, halafu gari linaonyesha taa sita za magonjwa sita tofauti, kumbe ni nati moja. Wakati wa mavuno ya mpunga tunafunua boneti kuangalia kama panya wametafuna nyaya. Gari likikaa zaidi ya siku mbili bila safari, tunalitembeza, siyo kuliwasha dakika tatu na kulizima.

Kuna mambo tunayakataa gereji, na nimeyaandika ukurasa wa nyuma ili hata nikimtuma mdogo wangu ayajue:

Hakuna kuchomoa betri injini ikiwa inaunguruma "kupima altaneta". Umeme unaruka ghafla na unaweza kuua kompyuta. Mita ipo.

Hakuna kuchomelea chuma chochote kwenye gari kabla ya kutoa betri.

Hakuna kupuliza injini kwa maji ya presha. Maji yanaingia kwenye soketi, na shida inaonekana wiki mbili baadaye ukiwa Ushirombo.

Ukifungua betri, hasi inatoka kwanza na inarudi mwisho, maana spana ikigusa bodi huku umeshika chanya ni cheche.

Mashine ya kompyuta ikisoma kosa, hilo ni jibu la maabara. Linasomwa pamoja na mgonjwa. Kosa la "sensa" linaweza kuwa waya wa sensa, soketi yake, au betri iliyolegea. Pima kabla ya kununua.

Na kubusti, kwa siku ile utakapohitaji. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili chanya ya nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya nzima, na ncha yake ya mwisho ushike chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri inatoa gesi inayoweza kulipuka, na cheche ya mwisho hutaki itokee juu yake. Watoto wasimame mbali, sigara izimwe.

Gari bado tunalo. Halijawa jipya. Kifriji hakigandishi, na ile mitambo ya kujiinua ina siku zake za kununa. Kuna taa moja ya njano imebaki dashibodi, ya sensa ya tairi la nyuma kushoto. Chanzo tunakijua, spea tunaisubiri, kwa hiyo tumeiacha iwake. Kijana wangu wa pili ameizoea, akipanda tu ananitangazia, "Mama, bado inaumwa."

Yale manukato ya limao niliyatoa. Sasa gari linanuka gari, na watoto, na karanga. Likinuka kitu kingine nitajua siku hiyohiyo.

Ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya volti zote, baba watoto aliandika kwa kalamu nyekundu: 115. Hakuna aliyemwambia aandike. Hata gari likiwa zima, namba ile haifutwi.

Nenda kanuse gari lenu leo. Halafu fungua sanduku la fyuzi, hesabu rangi. Ukikuta waya, msiondoke nalo.